Royal Enfield: Neema na Kifungo cha cc 349

Kuwasha Bullet ya zamani, pikipiki ya Royal Enfield ya India, kulikuwa na adabu yake. Hukuirukia kiki na kuikanyaga kwa hasira, kama vijana wanavyofanya kijiweni asubuhi ya mvua. Kwanza ulifungua swichi, ukatazama kisaa kidogo cha umeme kilichopachikwa juu ya taa ya mbele. Ukaikanyaga kiki polepole, kwa uzito wa mguu tu, huku sindano ya kile kisaa ikichezacheza upande mmoja. Sindano ikirudi katikati na kutulia, ulijua pistoni imekaribia kileleni mwa silinda na imegoma kwenda. Hapo ulibana kijiti kidogo kwenye usukani kinachopunguza mgandamizo, ukaisukuma kiki kidogo tu ili pistoni ivuke kilele, ukaachia kijiti, ukairudisha kiki juu, ndipo ukakanyaga kwa mguu mzima. Ukifuata hatua zote, injini iliitika: du, du, du, kila pigo likisikika peke yake. Ukikosea, kiki iliruka juu na kukupiga kwenye muundi.

Kiki hiyo leo haipo tena. Pikipiki za Royal Enfield zinawashwa kwa kubonyeza kitufe kama nyingine nyingi za leo, na kompyuta ndogo ndiyo inayopima mafuta na hewa. Lakini ule mdundo wa taratibu umebaki, sura ya tangi lenye umbo la tone imebaki, na watu wananunua. Katika miezi 12 iliyoishia Machi 2025 kampuni iliuza pikipiki 1,009,900. Ilikuwa mara ya kwanza kuvuka milioni moja kwa mwaka, kwa jina ambalo lilitoa pikipiki yake ya kwanza mwaka 1901.

Ukiziangalia hizo pikipiki kwa macho ya karatasi, hesabu haileti maana. Classic 350, ambayo ndiyo mtaji wao mkuu, ina uzito wa kilo 195 na nguvu za farasi 20 tu. Kwa fedha zinazokaribiana unaweza kupata pikipiki nyepesi zaidi yenye nguvu maradufu. Kwa nini basi watu milioni wamechagua hii? Na kampuni iliyofika milioni kwa kuuza kitu cha aina hii itafikaje milioni mbili?

Jibu linalotolewa kila mahali ni kwamba watu wanapenda vitu vya zamani. Mimi naliona jibu hilo ni nusu tu. Kampuni hii inabebwa na nafasi iliyoikalia katikati ya ngazi ya bei ya soko la India, na nafasi hiyo imekatwa kwa kipimo cha injini moja yenye ujazo wa cc 349. Neema yake imo humo, na kifungo chake kimo humo humo.

Binti aliyevaa nguo za mama

Asili ya jina ni Redditch, mji wa Uingereza uliokuwa maarufu kwa kutengeneza sindano za kushonea. Kutoka kwenye sindano wakaingia kwenye baiskeli, na kutoka kwenye baiskeli wakaingia kwenye pikipiki. Neno Enfield lilitokana na kazi ya kutengeneza vipuri kwa ajili ya kiwanda cha bunduki cha serikali huko Enfield, na ndiyo maana nembo yao ilikuwa mzinga na wakajinadi kwamba pikipiki zao zimeundwa kama bunduki. Jina la Bullet, yaani risasi, lilianza kutumika mwaka 1932.

India ilipopata uhuru ilikuwa na mipaka mirefu ya milimani ya kulinda, ikataka pikipiki itakayovumilia njia mbovu. Katika miaka ya 1950 serikali iliagiza Bullet 800 za cc 350. Kutokana na oda hiyo, mwaka 1955 kampuni ya Madras Motors iliungana na Waingereza wa Redditch kuunda Enfield India, jijini Madras, ambayo leo ni Chennai. Walianza kwa kuunganisha vipuri vilivyoletwa kwa meli. Baada ya miaka michache walikuwa wakitengeneza kila kitu wenyewe.

Kisha mama akafa. Viwanda vya pikipiki vya Uingereza vililemewa na Wajapani, na kiwanda cha Redditch kilifungwa mwaka 1967. Kule Madras kazi iliendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, kwa michoro na mashine zilezile. Mwaka 1977 walianza kuwauzia Waingereza Bullet, pikipiki ambayo Waingereza wenyewe walikuwa wameshaacha kuitengeneza.

Jambo hili ni la msingi, kwa sababu linaitofautisha Royal Enfield na karibu kila kampuni nyingine inayouza sura ya zamani. Wengine waliacha, wakapumzika, kisha wakarudi wakiwa na wachoraji wa kubuni pikipiki mpya iliyovalishwa sura ya mwaka 1960. Madras hawakuacha hata siku moja. Wala haikuwa kwa kupenda. Uchumi wa India ulikuwa umefungwa, bidhaa za nje zilizuiwa, washindani walikuwa wachache, na mtu aliyetaka pikipiki alisubiri foleni. Kiwanda kisicho na mshindani hakina sababu ya kubadilika, na hakina fedha za kubadilika. Kile ambacho mnunuzi wa leo wa London anakiita uhalisia kilianza kama upungufu.

Upungufu huo ulikaribia kuwaua milango ilipofunguliwa. Hero Honda walipoanza kuuza pikipiki yao ya cc 100 katikati ya miaka ya 1980, iliyokuwa nyepesi na inayonusa tu mafuta, Bullet ilibaki kuwa ya jeshi, polisi na mashabiki sugu. Kundi la Eicher, watengenezaji wa matrekta, waliingia mwaka 1990 na kuichukua kabisa mwaka 1994. Kufikia mwaka 2000 kiwanda chenye uwezo wa kutoa pikipiki 6,000 kwa mwezi kilikuwa kikiuza kama 2,000. Kulikuwa na mazungumzo ya kuifunga au kuiuza. Siddhartha Lal, mtoto wa mwenye kampuni, kijana wa miaka 26 aliyekuwa mwendeshaji wa Bullet mwenyewe, aliomba apewe muda ajaribu.

Hapo ndipo ilipo sehemu ninayoona ni ya kujifunza kuliko zote. Pikipiki ilikuwa mbovu kwa maana halisi ya neno: ilivuja mafuta, umeme wake ulikatika njiani, na sehemu za ndani zilichakaa kabla ya wakati. Lakini wateja waliobaki walikuwa wameshauzoea ubovu huo, wakaufanya sehemu ya mapenzi. Walitaka kanyagio la gia libaki upande wa kulia, wakati dunia nzima ilikuwa imeshahamia kushoto. Walitaka injini ileile ya chuma kizito. Ukiwasikiliza, unakufa pamoja nao. Usipowasikiliza, unabaki na pikipiki isiyo na mwenyewe.

Lal na mafundi wake walichagua kubadilisha kila kitu ambacho mteja hakioni na kulinda kile anachokiona na kukisikia. Gia ikahamia kushoto. Kati ya mwaka 2008 na 2009 ikaja injini mpya ya aluminiamu, yenye gia na mashine ndani ya sanduku moja, isiyovuja. Pistoni ikaachiwa mwendo wake mrefu ili mdundo usipotee. Mwaka 2009 wakaivalisha injini hiyo umbo la Classic, lenye kiti cha mtu mmoja chenye springi na tangi kama la baada ya Vita Kuu ya Pili. Huku nyuma, Eicher iliuza au kufunga biashara zake nyingi, yakiwemo matrekta yaliyokuwa chanzo cha utajiri wa familia, ikabaki na malori na pikipiki. Mwaka 2010 waliuza pikipiki zipatazo 52,000. Mwaka 2014 walivuka 300,000, wakawapita Harley-Davidson wa Marekani kwa idadi duniani kote.

Pengo la katikati

Ili kuelewa ukuaji huo, mfikirie bodaboda wa Tandale au wa Kawangware. Yeye anapiga hesabu ya lita moja inampeleka wapi, spea zinapatikana duka gani, na pikipiki itarudisha fedha yake baada ya miezi mingapi. Hesabu hiyo inampeleka kwenye cc 100 hadi 150: Boxer, TVS, na wenzao wa Kichina. Pikipiki nzito ya cc 350 kwake ni hasara inayotembea.

India ilikuwa hivyohivyo kwa miongo mingi. Pikipiki ilikuwa chombo cha kazi na cha familia, baba mbele, mama nyuma, mtoto katikati, na bado sehemu kubwa ya soko lao la pikipiki na skuta zaidi ya milioni 19 kwa mwaka iko hapo. Ila kuanzia miaka ya 2000 lilijitokeza kundi jipya: vijana wenye mishahara ya ofisini Bengaluru, Pune na Hyderabad, ambao wanayo njia nyingine ya kufika kazini, na wanataka pikipiki kwa ajili ya Jumapili. Kijana huyo akitazama juu ya cc 150 alikuta nini? Karibu hakuna kitu. Pikipiki kubwa za Japani, Ulaya na Marekani zilitozwa ushuru uliozifanya ziwe za matajiri. Katikati ya ngazi palikuwa na pengo, na aliyesimama pale peke yake, kwa bei ambayo mkopo wa miaka mitatu ungeweza kuibeba, ni Royal Enfield. Hadi leo, katika pikipiki za ukubwa wa kati nchini India, zaidi ya asilimia 80 ni zao.

Injini yenyewe inafaa pale ilipo. Silinda ni moja, upana wake milimita 72, na pistoni inasafiri milimita 85.8 kila inapopanda au kushuka. Pistoni inayosafiri mbali namna hiyo ndani ya silinda nyembamba haiwezi kuzunguka kwa kasi kubwa, lakini inasukuma kwa nguvu ikiwa chini. Msukumo wake wa juu unapatikana kwenye mizunguko 4,000 tu kwa dakika, wakati injini nyingi za kisasa ndio kwanza zinaamka. Maana yake barabarani ni kwamba unaweza kubaki gia ya nne nyuma ya lori, ukapunguza, ukaongeza, bila kuchezea klachi kila dakika. Kwenye kilomita 80 kwa saa inatulia kabisa. Ukiilazimisha zaidi ya 110 inaanza kulalamika. Kwa barabara za India, zenye ng'ombe, bajaji na matuta, huo ndio mwendo wenyewe.

Injini hiyohiyo imo kwenye Classic, Bullet, Meteor na Hunter. Wanabadilisha fremu, tangi, kiti na mpini, lakini moyo ni ule ule. Kiwanda kinachotengeneza kitu kimoja kwa mamia ya maelfu kinanunua vyuma kwa bei ya chini na hakipotezi muda kubadilisha mashine. Ndiyo maana katika mwaka ulioishia Machi 2025, kwa kila rupia 100 ilizoingiza, Eicher ilibakiwa na karibu 25 kabla ya riba, kodi na uchakavu. Watengenezaji wengi wa pikipiki wanaota namba hiyo.

Upande wa pili wa jambo hilo ulionekana Mei 2021. Koili za kuwashia cheche kutoka fungu moja zilikutwa na kasoro, na kampuni ikalazimika kuita pikipiki 236,966 zirudi kukaguliwa, za Classic, Bullet na Meteor kwa pamoja. Kifaa kimoja kinapotumika kote, ugonjwa wake nao unaenea kote.

Mstari uliochorwa na mtoza kodi

Sasa nifike kwenye hiyo cc 349. Kwa nini si 360, au 375? Sehemu ya jibu ni historia, maana Bullet ya kale ilikuwa cc 346. Lakini sehemu inayozidi kuwa nzito ni kodi. Kwa miaka kadhaa kodi ya bidhaa na huduma nchini India ilikuwa asilimia 28 kwa pikipiki zisizozidi cc 350, na 31 kwa zilizozidi. Tofauti ya asilimia tatu, mtu anaivumilia. Tarehe 22 Septemba 2025 serikali ilibadilisha: zisizozidi cc 350 zikashushwa hadi asilimia 18, na zilizozidi zikapandishwa hadi 40.

Tofauti ya asilimia 22 imepita juu ya kipimo cha silinda. Bei za Royal Enfield za cc 349 zilishuka, baadhi kwa hadi rupia 22,000. Upande wa pili wa mstari, Himalayan ya cc 452 na familia yote ya cc 650 zikawa ghali zaidi. Washindani wao wakuu wenye injini za cc 398 na 440 nao walijikuta upande mbaya. Kwa mtazamaji wa haraka, hii ni zawadi tupu kwa Royal Enfield, na wenye hisa walifurahi.

Mimi naiona kwa tahadhari. Tangu mwaka 2015 kampuni imetumia fedha nyingi kujitoa kwenye cc 350. Ilinunua Harris Performance, mafundi bingwa wa fremu wa Uingereza. Mwaka 2017 ilifungua kituo cha ubunifu Bruntingthorpe, katikati ya Uingereza. Kazi hiyo ilizaa Interceptor na Continental GT za mwaka 2018, zenye silinda mbili, cc 648 na nguvu za farasi 47, zilizouzwa Marekani kuanzia dola 5,799. Kwa bei hiyo hakukuwa na mwingine. Zikafuata Super Meteor, Shotgun, Bear na Classic 650. Hizi ndizo pikipiki zinazoweza kukimbia barabara kuu za Ujerumani au Brazil bila kuchoka, na ndizo zinazoijengea kampuni jina nje.

Lakini bei yake ya chini huko nje inategemea wingi wa kuuzwa nyumbani. Wahindi wakiziacha kwa sababu ya kodi ya asilimia 40, gharama ya kutengeneza kila moja inapanda, na bei ya kuiuza Milan au Chicago inapanda pia. Wakati huohuo punguzo la kodi linawavuta wateja wa nyumbani warudi kwenye cc 349. Kampuni inasukumwa kuwa kubwa zaidi mahali ambapo tayari ni kubwa, na kuwa dhaifu pale ilipokuwa ikijifunza kusimama. Halafu, ni nani mwenye hakika kwamba mstari huo hautahamishwa tena? Mwenye kalamu ni mwingine.

Wameshawahi kuona soko la nyumbani likigeuka. Katika mwaka ulioishia Machi 2019 waliuza karibu 826,000. Miaka mitatu baadaye ilikuwa kama 600,000. Hakukuwa na sababu moja. Bima ya lazima ya miaka mitano ililipwa kwa mkupuo kuanzia Septemba 2018 na kupandisha gharama ya kuondoka dukani. Mwezi huohuo wafanyakazi wa kiwanda cha Oragadam waligoma. Ikaja sheria ya breki zisizofunga magurudumu, ikaja sheria mpya ya moshi Aprili 2020 iliyoziondoa kabisa zile za cc 500, ikaja Korona, kisha uhaba wa vifaa vidogo vya kielektroniki. Kila kimoja peke yake kingeweza kuvumilika. Vilipoandamana, kampuni iliyotegemea nchi moja haikuwa na pa kukimbilia.

Majina ya Waingereza, fedha za Wahindi

Washindani walichelewa, ila wamefika. Mwaka 2018 Mahindra, kupitia kampuni yake ya Classic Legends, iliyafufua majina ya kale ya pikipiki, kwanza Jawa, na baadaye Yezdi na BSA. Mwaka 2020 Honda ilileta yake ya cc 348, iliyolengwa kwenye Classic waziwazi. Kisha wiki moja ya Julai 2023 yakaja mawili kwa mpigo: Harley-Davidson X440 iliyotengenezwa na Hero, na Triumph Speed 400 iliyotengenezwa na Bajaj.

Hebu tusimame hapo kwenye Bajaj, maana linatuhusu. Ni Bajaj hawahawa wa Boxer, ambao jina lao Watanzania tumelifanya kuwa neno la kawaida la pikipiki ya magurudumu matatu. Leo ndio wanaotengeneza Triumph ndogo kiwandani Chakan. Na TVS, ambao pikipiki zao zimejaa kwenye vijiwe vya Mombasa na Kampala, waliinunua Norton mwaka 2020. Majina makubwa ya pikipiki za Uingereza, yaliyowahi kuwapa fahari wakoloni, sasa yapo mikononi mwa makampuni yaliyokuzwa na wabeba abiria wa Asia na Afrika. Nguvu ya fedha inayomkabili Royal Enfield imetoka huko chini, kwenye pikipiki za kazi, na imepanda ngazi.

Speed 400 ilianza na bei ya rupia 233,000, ikiwa na nguvu za farasi karibu 40 na uzito wa kilo 170. Kwa namba, Classic haiioni hata vumbi. Hata hivyo Royal Enfield haikutikisika kama wengi walivyotabiri. Chema chajiuza, wahenga walisema, lakini hapa kuna zaidi ya wema. Kampuni ina vituo takriban 2,000 nchini India, mpaka kwenye miji midogo ambako jina la Triumph halijafika. Fundi wa kando ya barabara anaijua injini. Ukitaka kuiuza baada ya miaka mitano, mnunuzi yupo na bei haijaanguka. Na ukipata pancha milimani Ladakh, anayepita nyuma yako huenda naye yuko juu ya Royal Enfield. Haya mambo hayaandikwi kwenye karatasi ya vipimo, na mshindani hawezi kuyanunua kwa mwaka mmoja.

Kinachonitia shaka ni mteja wa kesho. Aliyezaliwa mwaka 2005 hana kumbukumbu ya Bullet ya babu uani. Kwake zote ni pikipiki tu. Kampuni inalijua hilo, ndiyo maana Agosti 2022 ilitoa Hunter 350, fupi, nyepesi kuliko Classic, isiyo na urembo wa zamani, kwa bei ya kuanzia karibu rupia 150,000. Imeuzwa sana. Lakini kadiri Royal Enfield inavyoshuka bei kumfuata kijana, inaukaribia umati wa pikipiki za kawaida, ambako akina Bajaj na Hero wamezaliwa na kukulia. Na pale mtaa mzima unapokuwa na mdundo uleule, yule aliyenunua ili atofautiane na jirani ataanza kuangalia pengine.

Harley ni mfano ulio wazi. Mwaka 2006 ilisafirisha pikipiki karibu 350,000. Mwaka 2024 hazikufika hata nusu ya hapo. Pikipiki zao hazikuharibika. Wateja wao walizeeka, na watoto wa wateja hao hawakutaka kupanda hamu ya baba zao. Nafuu ya Royal Enfield ni kwamba wanunuzi wake wengi bado ni vijana na nchi yao ni changa.

Nje ya India, katika mwaka ule wa milioni moja, walipeleka pikipiki zaidi ya 107,000, yaani karibu moja katika kila kumi. Wanaunganisha Brazil, Argentina, Colombia na Thailand, kwa sababu pikipiki iliyofika kwenye makasha vipande vipande kwa kawaida hutozwa ushuru mdogo kuliko iliyokamilika, mbinu ambayo waagizaji wa huku kwetu nao wanaifahamu vizuri. Amerika ya Kusini na Asia ya Kusini-Mashariki ndiko ninakoona njia halisi ya kukua, kwa kuwa wana tabaka la kati na barabara zinazofanana na za India. Marekani ni jina zuri kwenye ripoti, lakini Agosti 2025 bidhaa nyingi za India zilipandishiwa ushuru hadi asilimia 50, na biashara iliyojengwa juu ya bei nafuu haiwezi kuishi kwa amani mahali ambapo ushuru unaweza kupanda hivyo.

Limebaki la moshi na umeme. Injini ya cc 349 inapozwa kwa upepo unaopita kwenye mapezi ya silinda, na mapezi hayo ni nusu ya uzuri wake. Tatizo ni kwamba injini inayopozwa kwa hewa hupanda na kushuka joto kwa kutegemea mwendo na hali ya nje, hivyo vyuma vyake huachiwa nafasi kubwa zaidi ya kutanuka na uchomaji wa mafuta ni mgumu kudhibitiwa barabara. Kila sheria ya moshi inapobanwa, inakuwa ghali zaidi kuibakiza ilivyo. Himalayan ya mwaka 2023 tayari ina rejeta na maji. Siku Classic itakapowekewa rejeta mbele ya silinda yake, ndipo tutajua uzamani unavumilia kiasi gani.

Kwa upande wa umeme wamechagua jina la Flying Flea, lililotokana na kipikipiki cha cc 125 walichotengeneza wakati wa Vita Kuu ya Pili ili kidondoshwe kwa miavuli pamoja na askari. Kipya, C6, kilionyeshwa Milan Novemba 2024, chembamba, chenye mapezi yanayofunika betri mahali ambapo injini ingekaa. Kimepewa jina lake kando, na nadhani ni busara. Anayenunua Royal Enfield analipia sauti, na pikipiki ya umeme haina sauti ya kuuza. Itabidi ijitafutie mteja wake wa mjini, anayetaka ukimya, na mteja huyo hajawahi kuingia kwenye duka lao.

Huko Chennai, katikati ya mashine za kuchomelea na za kupaka rangi zinazojiendesha, kuna kazi moja ambayo haijapewa roboti. Mistari ya dhahabu kwenye tangi la Bullet inachorwa kwa mkono. Mchoraji huchovya brashi ndefu yenye nywele laini, huivuta kufuata mzingo wa tangi bila rula wala utepe, akizuia pumzi, kisha hugeukia upande wa pili na kuuchora tena uliolingana na wa kwanza. Ujuzi huo umerithishwa ndani ya familia moja. Kiwanda kikikazana kutoka milioni moja kwenda mbili, kinaweza kuongeza karakana na mashine, lakini kwa mistari ile hakuna njia nyingine ila kumtafuta kijana mwenye mkono usiotetemeka na kumkalisha mbele ya tangi, miaka kadhaa, mpaka aweze.